Kutengeneza chembe za sumaku ndani ya ganda la feritini kwa ajili ya MRI: mwongozo kwa maabara za Arusha na Moshi

Feritini ni protini ambayo mwili huitumia kama ghala la chuma. Vipande 24 hujipanga vyenyewe vikawa tufe lenye uwazi katikati: kipenyo cha nje nanomita 12, cha ndani nanomita 8, na uwazi huo hubeba hadi atomu 4,500 za chuma. Mwilini chuma hicho hukaa kama ferihidraiti, madini yenye usumaku hafifu sana. Mwaka 1992 watafiti Meldrum, Heywood na Mann walionyesha kwamba ganda hilo hilo, likilishwa chuma polepole kwenye joto na bila hewa, huzaa kiini chenye sumaku kweli. Kiini hicho ndicho kinachofanya picha ya MRI (upigaji picha wa mwili kwa sumaku) iwe nyeusi pale chembe zilipo.

Mwongozo huu unakutoa kwenye jeni hadi kwenye chembe ulizopima. Kipimo chetu ni miligramu 5 za protini, kinachotosha majaribio ya mirija. Kwa binadamu au mnyama chembe za hatua hizi hazifai: zimetoka kwenye bakteria na bado zina sumu ya kuta zake.

Protini ipi, na nini cha kubadilisha

Ziko protini tatu zinazotajwa sana. Mms6, kutoka bakteria wa sumaku Magnetospirillum magneticum, huongoza ukuaji wa magnetite (madini ya chuma yenye sumaku) vizuri, lakini haina ganda na hupenda kushikamana yenyewe kwa yenyewe. Enkapsulini ya Quasibacillus thermotolerans ina ganda la nanomita 42 na hubeba makumi ya maelfu ya atomu za chuma, ila inadai uangalifu zaidi. Kwa maabara inayoanza, chagua feritini ya binadamu ya mnyororo H. Inavumilia joto, nayo sifa hiyo itakupunguzia nusu ya kazi ya kuisafisha.

Unapoagiza jeni, andika mambo manne. Kwanza, kodoni zilinganishwe na zile za E. koli. Pili, badilisha sisteini za nafasi ya 90 na 102 ziwe serini au alanini. Zikibaki, maganda hufungana kwa salfa baada ya siku chache kwenye friji nawe utadhani chembe zimeharibiwa na chuma. Tatu, usiguse glutamiki 27, glutamiki 62 na histidini 65. Hapo ndipo chuma kinapopokelewa na kuoksidishwa, na ganda lisilo na mlango huo hujaa kwa kusuasua.

La nne ndilo linalokosewa zaidi: usiweke mkia wa histidini. Watu huuweka kwa mazoea ya kusafisha kwa nikeli. Mwanzo wa mnyororo uko nje ya ganda, hivyo mikia 24 ya histidini itasimama nje na kukamata chuma kabla hakijaingia, na kutu itaanzia huko. Ukitaka peptidi ya kulenga seli fulani, mwanzo wa mnyororo ndio mahali pake. Ukiiweka mwishoni itaelekea ndani ya ganda, isiguse chochote.

Jeni hiyo iwekwe kwenye plasmidi (duara dogo la DNA la kubebea jeni) ya aina ya pET, kisha kwenye E. koli BL21(DE3), aina ya bakteria wa maabara. Kabla bakteria hawajaingia maabara, pitia kamati ya usalama ya taasisi yako. Viumbe waliobadilishwa jeni wanasimamiwa na kanuni za usalama wa bioteknolojia za mwaka 2009, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Anza mapema, kwa kuwa jeni hufika haraka kuliko kibali.

Maji na otoklevu: mambo mawili ya ukanda wetu

Maji ya visima kuzunguka Mlima Meru yanajulikana kwa floraidi nyingi. Nyumba nyingi huyachuja kwa mkaa wa mifupa, jambo jema kwa meno na mifupa ya watoto. Kwa kazi hii maji hayo hayafai hata yakionekana meupe. Floraidi hujifunga na chuma, na mkaa wa mifupa, kwa kuwa ni madini ya kalsiamu na fosfeti, unaweza kuachia fosfeti. Fosfeti ikikutana na chuma huleta unga wa manjano usio na sumaku. Tumia maji yaliyoondolewa ioni pekee, yenye ukinzani wa megaohm-sentimita 18 ukiweza. Kwa sababu hiyo hiyo bafa ya fosfeti isiingie popote kwenye kazi ya chuma, hata kwa kusuuzia.

Otoklevu nayo ina lake. Joto la nyuzi 121 linahitaji mgandamizo kamili wa kilopaskali 205. Arusha mjini, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, hewa yenyewe inachangia kilopaskali 86 tu badala ya 101 za pwani. Geji inayosoma paundi 15 hapa inakupa nyuzi kama 118. Ipandishe hadi paundi 17. Kwa Moshi, 16.5 inatosha. Kama otoklevu yako inaongozwa na kipimajoto na si geji, hili halikuhusu.

Kukuza na kuvuna

1. Andaa lita moja ya LB, chakula cha bakteria: triptoni gramu 10, dondoo ya hamira gramu 5, chumvi gramu 10. Ikishapoa, weka kanamaisini mikrogramu 50 kwa mililita, kama plasmidi yako ina ukinzani huo. Usiongeze chuma.

2. Panda mililita 10 za bakteria waliokuzwa usiku kucha. Tikisa kwa nyuzi 37 hadi ukungu kwenye nanomita 600 ufike 0.6.

3. Weka IPTG, kemikali inayowasha jeni, ifikie milimola 0.5, yaani nusu mililita ya akiba ya mola 1. Endelea kwa saa 4 kwa nyuzi 37. Umeme ukikatika katikati, usitupe. Weka flaski kwenye barafu, na ukirudi ndani ya saa moja endelea pale ulipoishia. Ukichelewa zaidi, vuna ulichonacho.

4. Sentrifyuji kwa 5,000 g, dakika 15. Tonge la bakteria linaweza kulala kwenye nyuzi hasi 20 kwa wiki kadhaa.

Kusafisha kwa joto

Yeyusha tonge kwenye mililita 30 za bafa ya Tris milimola 20, pH 8.0, yenye chumvi milimola 100. Vunja seli kwa mawimbi ya sauti ukiwa kwenye barafu: sekunde 5 piga, sekunde 10 pumzisha, hadi tope liwe jepesi kama chai ya rangi. Sentrifyuji kwa 12,000 g, nusu saa, kisha chukua maji ya juu.

Yatie kwenye beseni la maji la nyuzi 65 kwa dakika 15 huku ukitikisa taratibu. Protini nyingi za bakteria zitaiva na kuganda kama yai. Feritini itabaki kwenye maji. Poza kwenye barafu, sentrifyuji tena. Ukipitisha sampuli kwenye jeli ya SDS, inayotenga protini kwa ukubwa, utaona mstari mmoja mnene kwenye kilodaltoni 21. Mistari hafifu iliyobaki iondoe kwa safu ya kubadilishana ioni, kisha safu ya kuchuja kwa ukubwa. Usiruke safu hii ya pili: ndiyo inayotenga maganda mazima na yaliyoshikamana, na maganda yaliyoshikamana yakiingia hatua ya chuma hayarudi nyuma.

Ganda jipya huwa na chuma kidogo ilichookota ndani ya bakteria. Kitoe. Fanya dayalisisi (protini ikiwa ndani ya mfuko wa utando unaopitisha vitu vidogo tu) kwenye bafa ya asetati ya mola 0.1, pH 4.5 hadi 5.5, yenye asidi ya thioglikoliki asilimia 1, chini ya nitrojeni, ukibadilisha bafa hadi rangi yote iishe. Kisha dayalisisi ya mwisho kwenye chumvi tupu ya milimola 100, mara tatu. Chumvi tupu, bila Tris. Tris hupungua pH kwa takriban 0.028 kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo bafa uliyoiweka 8.5 mezani itakuwa 7.4 ukifika nyuzi 65, na tena itapigana na wewe unapojaribu kuisahihisha.

Pima protini kwa njia ya Bradford, ya rangi inayogeuka bluu ikikutana na protini. Ganda zima lina kilodaltoni 510 hivi, kwa hiyo miligramu 5.1 ni nanomoli 10 za maganda. Hiyo ndiyo namba ya kuanzia hesabu zote zinazofuata.

Kulisha chuma

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika. Ganda lina vijia vinane vyembamba vya kuingizia chuma. Ukileta chuma kwa kasi kuliko vijia vinavyopitisha, kilichobaki nje kitaoksidishwa huko huko, na hicho ndicho mashapo ya kahawia utakayoyakuta chini ya chombo. Haba na haba hujaza kibaba. Hapa msemo huo una namba yake, atomu 100 kwa kila ganda kwa dakika.

Vitu vya kuandaa:

Myeyusho wa chuma, milimola 12.5: gramu 0.245 za salfeti ya chuma na amonia, ile yenye molekuli sita za maji, kwenye mililita 50 za maji yaliyotolewa hewa. Tengeneza dakika chache kabla. Uwe angavu, wenye ukijani wa mbali. Ukiona umanjano, mwaga. Hata ukiutumia kwa kutumaini, chuma chake kimeshageuka.

Haidrojeni peroksaidi, milimola 4.17. Ya asilimia 30 ina takriban mola 9.8. Iyeyushe mara 100 kwanza, kisha chukua mililita 2.13 za hiyo ufikishe mililita 50. Ihakikishe: kwenye nanomita 240, kyuveti ya kwatzi, usome karibu 0.18. Usiamini lebo ya chupa, kwani peroksaidi iliyokaa dukani kwenye joto huwa imepungua nguvu.

Haidroksaidi ya sodiamu milimola 50, kwenye bureti.

Nitrojeni. Ya mtungi ni rahisi zaidi. Ya kimiminika, aina ile inayohifadhi mbegu za mifugo kama pale kituo cha taifa cha uhimilishaji (NAIC) Usa River, nayo inafaa: acha ichemke kwenye chombo chake chenye mdomo wazi na uongoze mvuke kwa mrija. Kamwe usiizibe, ikizibwa hulipua chombo. Fungua madirisha.

Toa hewa kwenye maji kwa kuyachemsha dakika 20, Arusha yatachemka kwenye nyuzi 95 hivi, kisha yapoze huku nitrojeni ikipita ndani yake nusu saa. Kwenye protini yenyewe usipitishe mapovu. Povu huikunjua protini na kuiharibu. Elekeza nitrojeni juu ya uso wa maji, nayo ipite kwanza kwenye chupa ya maji ya moto ili isikaushe chombo chako.

Sasa lisha.

Weka mililita 10 za protini (miligramu 0.51 kwa mililita) kwenye chombo chenye shingo kadhaa, nyuzi 65, nitrojeni juu. Kipima-pH kiwe kimerekebishwa kwa bafa zilizopashwa hadi nyuzi 65. Fikisha pH 8.5.

Anza pampu mbili kwa pamoja, moja ya chuma, nyingine ya peroksaidi, kila moja maikrolita 80 kwa dakika. Maikrolita 80 za chuma ni mikromoli 1, na mikromoli 1 kwa nanomoli 10 za maganda ni zile atomu 100. Pampu za sindano za hospitalini husoma mililita kwa saa: weka 4.8. Huna pampu? Tumia pipeti, maikrolita 40 kila nusu dakika, mtu mmoja kwa kila myeyusho na wa tatu kwenye bureti. Inachosha lakini inawezekana.

Ncha za mirija ziwe chini ya uso wa maji na zitengane upande huu na ule. Zikikaribiana, chuma na peroksaidi hukutana kabla ya kufika kwenye protini, na pia huzalisha chembe kali zinazokata protini vipande.

Shikilia pH kati ya 8.4 na 8.6 wakati wote. Mmenyuko unatoa asidi: chuma tatu, peroksaidi moja na maji mawili hutoa magnetite moja na ioni sita za haidrojeni, yaani mbili kwa kila chuma. Kwa dakika 30 utakuwa umelisha mikromoli 30, ambazo zinadai angalau mililita 1.2 za haidroksaidi. Amonia iliyokuja na chumvi ya chuma nayo hutoa asidi kwenye joto hili, kwa hiyo jaza bureti mililita 3. Usishangae ikienda 2.

Simama kwenye dakika ya 30: atomu 3,000 kwa ganda, kiini cha nanomita 5 hivi. Ganda linaweza kubeba zaidi, lakini mara ya kwanza usilazimishe. Acha dakika 10 zipite, weka maikrolita 200 za sitreti ya sodiamu milimola 300 ili ikamate chuma kilichobaki huru, kisha poza. Sentrifyuji 10,000 g dakika 15, chuja kwa tundu za mikromita 0.22, na upitishe tena kwenye safu ya ukubwa.

Sambamba na hii, fanya chombo cha pili chenye chumvi tupu bila protini, ukilishe vilevile. Kitatoa mashapo meusi. Bila chombo hicho huna ushahidi kwamba ganda ndilo lililofanya kazi.

Rangi inakwambia nini

Kwa dakika za kwanza maji huwa ya njano-kahawia, kisha yanazidi kukolea hadi kahawia nyeusi, bado angavu. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Yakibaki ya rangi ya kutu, ya machungwa, hewa imeingia au joto lilikuwa chini. Umepata ferihidraiti kama ile ya mwilini. Kazi nzuri ya protini, lakini si ya sumaku.

Ukungu wa kijani maana yake pH imepanda juu ya 9 na chuma kimeganda kabla ya kuoksidishwa. Mara nyingi ni mtu wa bureti aliyemwaga kwa mkupuo. Punguza nguvu ya haidroksaidi hadi milimola 20 mara nyingine.

Mashapo ya kahawia na maji meupe juu: umelisha haraka, au protini ilikuwa kidogo kuliko ulivyodhani. Rudia Bradford kabla ya kulaumu pampu. Na kama kisumaku cha kukorogea kimevaa koti jeusi, hizo ni chembe zilizoota nje ya ganda. Ndiyo maana tunapendelea kikorogeo cha fimbo kinachozungushwa kutoka juu.

Jaribio la sumaku ya mezani huwapotosha wengi. Chembe njema za nanomita 5, kila moja ndani ya ganda lake, hazivutwi na sumaku ya kawaida. Mtikisiko wa joto unazishinda. Chupa ikivutwa ikawa nyeusi upande mmoja ndani ya dakika mbili, usifurahi, umepata mabonge. Chembe njema hukamatwa kwenye safu iliyojazwa nyuzi za chuma na kuwekwa kati ya sumaku kali.

Kupima

Jeli isiyo na SDS, nakala mbili. Moja ipake Coomassie, rangi ya kuonyesha protini, nyingine iloweke kwenye mchanganyiko wa ferosianidi ya potasiamu asilimia 2 na asidi hidrokloriki asilimia 2, nusu kwa nusu, uliochanganywa papo hapo. Mstari wa bluu ukikaa sawa na mstari wa protini, chuma kiko ndani. Bluu iliyobaki kwenye kisima cha jeli ni mabonge.

Chuma chote: maikrolita 100 za sampuli na maikrolita 100 za asidi hidrokloriki ya mola 6, nyuzi 70, saa moja, kwenye kibomba kilichofungwa. Ongeza haidroksilamini asilimia 10 mililita 1, fenanthrolini asilimia 0.25 mililita 1, na bafa ya asetati hadi pH ifike 4 au 5, kisha maji hadi mililita 10. Soma nanomita 510 baada ya dakika 15. Mgawo wa ufyonzaji ni 11,100, hivyo usomaji wa 0.20 ni mikromola 18 kwenye flaski, yaani milimola 1.8 kwenye sampuli. Chora mstari wa viwango vyako mwenyewe kila siku ya kupima.

Gawanya chuma kwa maganda. Ukipata 2,500 baada ya kulisha 3,000, umefanya vizuri. Ukipata 4,000, protini imepotea njiani na kuna chuma nje. Usiichukulie kama mafanikio.

Kwenye mashine ya MRI

Andaa agarosi asilimia 1, iache ishuke hadi nyuzi 55, changanya chembe zifikie chuma cha milimola 0, 0.05, 0.1, 0.2 na 0.4. Mirija ya plastiki, kishikilio cha plastiki, hakuna msumari wala klipu. Mimina polepole na gonga mirija, kwa kuwa povu moja la hewa huonekana jeusi kama chembe zenyewe na litakuharibia mirija miwili ya jirani. Weka pia mirija ya maganda matupu yasiyo na chuma.

Kwa mashine ya tesla 1.5, omba mfuatano wa mwangwi wa spini wenye myangwi mingi, muda wa mwangwi kuanzia milisekunde 10 hadi 160, na marudio ya sekunde 3 au zaidi. Kwa kila mrija tafuta T2 (muda wa kufifia kwa mwangwi), geuza iwe 1 gawanya kwa T2 kwa sekunde, kisha uchore dhidi ya milimola za chuma. Mteremko wa mstari ndio r2, nguvu ya chembe kuifanya picha iwe nyeusi, namba utakayolinganisha kundi kwa kundi. Andika na joto la chumba. Mirija iliyotoka kwenye friji asubuhi hutoa namba tofauti na ya mchana. Mstari ukipinda juu kwenye viwango vikubwa, chembe zinashikamana ndani ya agarosi. Mstari ukilala karibu na ule wa maganda matupu, una kutu, rudi kwenye nitrojeni.

Kama maabara iko Arusha na mashine iko Moshi, au kinyume chake, safari ni kilomita 80 hivi. Beba chembe kwenye kisanduku cha barafu ya maji, zikiwa kwenye nyuzi 4, chupa imejaa hadi shingoni ili zisitikisike. Zisigande: zikiganda mara moja hushikamana, na kuyeyusha hakuzitenganishi.